Tyubu yako ya lateksi haijachomwa na mwiba, imekatwa na ringi

Wiki hii ni mtu wa nne sasa. Anaingia, anatupa tyubu ya baiskeli ya lateksi mezani, "fundi hizi za mpira laini kanyaboya kabisa, mwiba kidogo tu kwisha habari". Tairi hata siligusi, namuuliza tundu liko upande gani. Anageuza geuza, kumbe liko upande wa ndani, ule unaolalia ringi. Haya, mwiba ulipitia wapi jamani, kwenye niple ya spoki?

Lateksi inavutika kuliko butaili, ule mpira mweusi wa tyubu za kawaida, ndio maana inakimbia vizuri, na ndio maana haisamehi. Ukishaijaza psi 90 au 100 inatafuta uwazi wowote iingie. Kwenye tundu la spoki butaili inabonyea tu, lateksi inazama humo inakonda kama puto, halafu ukingo wa tundu unaimaliza.

Kwa hiyo ule mkanda wa raba wa kufunika matundu ya spoki uliokuja na baiskeli tupa, wenyewe unavutika, utazuia nini? Tepu nyeusi ya mafundi umeme ndiyo inayonikera zaidi, maana kila mtu anayo nyumbani na kila mtu anasema "tepu ni tepu tu". Nayo inavutika, ringi ikipata joto gundi inalainika, tepu inahama milimita mbili tatu na nusu ya tundu inabaki wazi, wewe uko barabarani unajua umefunga vizuri.

Tepu ya pamba, kama Velox ya Wafaransa, naipenda, ila ni nene, kwenye ringi yenye mfereji wa katikati usio na kina utalia na kuvalisha tairi. Ya tubeless, yaani ya matairi yasiyo na tyubu, ni nyembamba na haivutiki, hiyo naivuta kwa nguvu, mizunguko miwili. Mmoja unatosha? Kuna magurudumu nimeweka mmoja yakaenda msimu mzima, mengine tepu ikabonyea baada ya wiki, sijawahi kupata kanuni.

Upana sasa, hapa ndipo watu wanaharibu. Usipime ringi kwa nje! Pima ndani, kati ya kuta mbili. Ringi ya milimita 19 ndani naiwekea ya tubeless ya 21, inapanda pembeni kidogo. Ya pamba ibaki kwenye mfereji, isipande pale tairi linapokaa, ila ifunike matundu yote na ibaki nafasi kila upande. Ikiwa na upana mdogo tyubu inapenya chini yake, na ukingo wa tepu ngumu wenyewe ni wembe. Tundu la valvu usilikate kwa kisu, zile pembe zinachimba, toboa kwa msumari wa moto.

Ringi za kaboni zenye breki za ringi, mteremko mrefu, lateksi usiweke. Tepu haikuokoi na joto lile la breki. Poda ya mtoto napaka mazoea tu, siwezi kuapa kwamba inasaidia.

Ukimaliza kufunga, weka tyubu ya butaili kwanza, jaza upepo, ilale usiku. Asubuhi toa uipitie tepu kwa kidole, penye kishimo kirefu ongeza mzunguko.

Yule wa nne nilimtoza tepu tu. Tyubu aliyotaka kuitupa niliiziba kwa kipande cha lateksi nzee, bado anaiendesha.