Turnitin asilimia ndogo haimaanishi uko salama

Vyuoni kuna imani ya miaka mingi kwamba Turnitin (programu ya kukagua maandishi yanayofanana na ya wengine) ikisoma chini ya asilimia 20 kazi yako ni safi, ikizidi hapo umekamatwa. Sio hivyo jamani. Ile namba inapima kufanana tu, yaani maandishi yako yanalingana kiasi gani na yaliyoko kwenye intaneti, majarida na kazi za wanafunzi wengine zilizowahi kuingizwa humo, na Turnitin wenyewe wanasema hawaamui nani kaiba, hiyo ni kazi ya mwalimu anayesoma ripoti.

Chukua mtu wa Kiswahili anachambua utenzi, kanukuu beti kibao, kaweka alama za kunukuu na chanzo, asilimia inaweza kupanda mpaka 30 na hana kosa lolote (nukuu zinaweza hata kutolewa kwenye hesabu, setingi ipo). Mwingine kabeba aya nzima ya makala ya Kiingereza kaigeuza Kiswahili bila kumtaja mwenyewe, ripoti ikasoma 4, na bado ni wizi wa kitaaluma kabisa, msimamizi aliyewahi kuisoma hiyo makala anaijua kabla hajamaliza ukurasa. Na hiyo 20 yenyewe sio sheria ya dunia, kila chuo kina kiwango chake, soma mwongozo wa kwenu sio wa grupu la WhatsApp.