Kaburi la Charles Beechey, na ndugu zake saba

Kando ya Barabara ya Bagamoyo, kilomita chache kutoka katikati ya Dar es Salaam, kuna makaburi ya vita ambayo wengi wetu huyapita kila siku ndani ya daladala bila kugeuza shingo. Humo amelala Charles Reeve Beechey, askari wa Batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, aliyefariki tarehe 20 Oktoba 1917 akiwa na miaka 39. Jiwe lake halimwambii mgeni kwamba mama yake alizaa wana wanane wa kiume, kwamba wote wanane walivaa sare za jeshi, na kwamba watano hawakurudi.

Ninapowaongoza wanafunzi makaburini hupenda kuanzia hapo. Vita ya Kwanza ya Dunia tumezoea kuifundisha kwa ramani na majina ya majenerali. Familia moja huifundisha kwa njia ambayo ramani haiwezi.

Baba yao, Mchungaji Prince William Thomas Beechey, alikuwa kasisi wa vijiji vya Friesthorpe na Snarford katika jimbo la Lincolnshire, Uingereza. Alifariki mwaka 1912, miaka miwili kabla ya vita. Mjane wake, Amy, alihamia mji wa Lincoln, kwenye nyumba ya kawaida katika mtaa wa Avondale. Walikuwa na watoto kumi na wanne. Hawakuwa watu wa ukoo wa kijeshi: wavulana waliokua walikuwa walimu, karani wa reli, daktari wa meno, na wawili waliokwenda Australia kutafuta maisha ya shamba.

Kifungua mimba wa kiume, Barnard, mwalimu, aliuawa tarehe 25 Septemba 1915, siku ile mapigano ya Loos yalipoanza Ufaransa. Mwili wake haukupatikana. Jina lake limechongwa kwenye mnara wa Ploegsteert, Ubelgiji. Frank, naye mwalimu na mchezaji hodari wa kriketi, alikuwa ofisa katika moja ya batalioni za mji wa Hull. Nisimame kidogo hapo, kwa maana ndipo panapoonekana namna jeshi lile lilivyoundwa. Uingereza ilikuwa imewaahidi wanaume kwamba wakijiandikisha pamoja watapigana pamoja. Hull ikatoa batalioni nne: ya makarani na wafanyabiashara, ya mafundi, ya wanamichezo, na ya nne, aliyokuwamo Frank, ambayo watu waliiita tu ya "wengineo". Ahadi ile iliwavuta maelfu, na ndiyo iliyofanya shambulio moja la asubuhi liweze kuweka matanga katika mtaa mzima. Frank alijeruhiwa vibaya miguuni tarehe 13 Novemba 1916 karibu na Serre, katika siku za mwisho za vita vya Somme, Ufaransa, akafariki kesho yake.

Harold, aliyejiunga na jeshi la Australia, alinusurika Gallipoli, Uturuki, akanusurika Pozières, Ufaransa, akafa Bullecourt, huko huko Ufaransa, tarehe 10 Aprili 1917. Miezi sita baadaye ikawa zamu ya Charles, na kabla mwaka haujaisha Leonard, yule karani wa reli, alijeruhiwa na kuvuta gesi ya sumu katika msitu wa Bourlon. Alifia hospitalini Rouen tarehe 29 Desemba 1917 kwa pepopunda. Katika mwaka mmoja, wana watatu.

Habari zilimfikiaje mama? Familia ya ofisa ilipelekewa telegramu. Familia ya askari wa kawaida ilipata fomu ya kijeshi iliyochapwa, jina la marehemu limejazwa kwa mkono, ikaletwa na posta kama barua nyingine yoyote. Amy alizipata za aina zote mbili. Wana watatu walibaki hai: Christopher, aliyekuwa mbeba machela Gallipoli na akarudi na ulemavu, Eric, daktari wa meno aliyehudumu katika kikosi cha tiba, na Samuel, mdogo kuliko kaka zake wote, aliyefika mstari wa mbele vita vikiwa karibu kwisha.

Aprili 1918 Mfalme George wa Tano na Malkia Mary walitembelea Lincoln, na Amy akapelekwa mbele yao. Inasimuliwa kwamba Malkia alipomshukuru kwa sadaka aliyoitoa, alijibu kwamba haikuwa sadaka, maana hakuwatoa wanawe kwa hiari. Nimewasomea kina mama wengi maneno hayo, na sijawahi kulazimika kuwafafanulia.

Turudi kwa Charles. Alikuwa mwalimu aliyependa wadudu na mimea, mtu wa kutembea porini na kikapu. Batalioni yake, iliyojulikana kama Frontiersmen, ilikuwa na watu wa kila aina, akiwamo mwindaji Frederick Selous, aliyeuawa Beho Beho Januari 1917 na ambaye pori kubwa la kusini lilibeba jina lake kwa miaka mingi. Oktoba 1917 batalioni hiyo ilikuwa upande wa Lindi, ikimfukuza kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aelekee Ruvuma. Mapigano ya Nyangao na Mahiwa, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba, yalikuwa makali kupita yote ya nchi hii katika vita ile. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,700 kati ya waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Waliowekwa mbele wengi walikuwa askari wa Nigeria na wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Charles alikufa kwa majeraha ya risasi siku mbili baada ya mapigano hayo.

Na nani alibeba risasi, unga na majeruhi mpaka Nyangao? Wapagazi. Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawataja kwa Kiswahili kuwa miguu na mikono ya jeshi. Kariakoo ya Dar es Salaam na ile ya Nairobi zote zimetokana na jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps. Walichukuliwa kupitia machifu na majumbe, kijiji kwa kijiji, mara nyingi kwa nguvu, hasa mwaka 1917. Anayejua namna amri ya chifu ilivyopita nyumba hadi nyumba ataelewa kwamba kaka na mdogo wake waliweza kufungwa mzigo siku moja. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, na unga wasiouzoea ulioliwa haujaiva.

Barua za wana wa Amy, karibu mia tatu, zilihifadhiwa, na ndizo zinazotuwezesha leo kumjua Charles kama mtu. Wapagazi wengi hawakuachiwa hata majina. Mwaka 1968, makaburi yaliyokuwa karibu na ufukwe wa Dar es Salaam yalipohamishwa kupisha barabara mpya, Wazungu walihamishwa kila mmoja na jiwe lake. Waafrika wengi, Wakristo kwa Waislamu, hawakuwa wamewekewa alama ya mtu mmojammoja, hivyo walizikwa upya kwa pamoja. Hilo halikuwa bahati mbaya. Baada ya vita, Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alikuwa ameona kwamba makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Kupotea kwa jina kulikuwa na gharama ya shilingi pia. Mpagazi aliyekufa asitambulike, mshahara wake haukuwafikia jamaa zake.

Ndiyo maana tunaomba familia zitusaidie kuyatafuta majina hayo. Kama kuna mzee nyumbani anayekumbuka kwamba babu yake alikwenda "vita ya Mjerumani", muulizeni alikwenda na nani: kaka, mdogo, binamu, shemeji. Andikeni majina matatu, la mtu, la baba na la babu, pamoja na kijiji na jina la jumbe wa wakati ule, maana orodha nyingi za wapagazi zilipangwa kwa wilaya na kwa chifu. Sahani ndogo ya chuma yenye namba, ya kumtambulisha mpagazi, kama mnayo, msiisugue wala kuing'arisha. Namba zilizofifia bado zinaweza kusomeka kwa mwanga wa pembeni. Picha ziandikwe nyuma kwa penseli laini, si kalamu ya wino, na zikae ndani ya bahasha ya karatasi, mbali na mfuko wa plastiki unaotunza unyevu. Na mkifika makaburini Barabara ya Bagamoyo, tembeeni kwanza mpaka kwenye kuta zenye majina ya Kiafrika. Someni kwa sauti majina ya ukoo wenu, huku mmoja wenu akiandika.