Ganzi ya jino: neno moja, dawa kadhaa

Ukila embe bichi kwa chumvi, meno yanaingia ganzi. Ukikaa mkekani kwa muda mrefu, mguu unakufa ganzi. Halafu kuna ganzi ya tatu, ile ya kwenye kiti cha daktari wa meno, na hiyo ndiyo yenye dawa. Wengine huichanganya na nusu kaputi. Nusu kaputi inamlaza mtu mzima mzima, hajui kinachoendelea. Sindano ya ganzi inalaza sehemu tu: wewe uko macho, unaona taa, unamsikia muuguzi akiongea na simu, ila upande mmoja wa mdomo umekuwa kama si wako.

Nilimsindikiza mama mdogo kutoka Ujiji kwenda Kigoma mjini kung'oa gego la chini. Alichomwa sindano kama saa tano asubuhi, tukasubiri, mdomo ukawa mzito. Koleo lilipolishika jino tu, akanyoosha mkono juu.

"Dokta, nasikia."

"Unasikia maumivu, mama, au unasikia navuta?"

Akatulia kidogo. "Nasikia unavuta."

"Basi hiyo utaisikia mpaka mwisho."

Hapo lugha yetu inatuponza kidogo. Tunasikia sauti, tunasikia njaa, tunasikia maumivu, tunasikia kuguswa, vyote kwa kitenzi kimoja. Kwenye mishipa ya fahamu mambo hayo yana njia tofauti. Ujumbe wa maumivu unapita kwenye nyuzi nyembamba, na ujumbe wa kukandamizwa na kuvutwa unapita kwenye nyuzi nene. Dawa ya ganzi inaziba vijitundu ambavyo chembe za sodiamu hupitia kuingia kwenye uzi wa fahamu, na bila sodiamu kuingia ujumbe hausafiri. Nyuzi nyembamba zinasalimu amri mapema, zile nene zinabisha. Ndiyo maana hata ganzi iliyokolea vizuri inaacha ile hali ya kusukumwa na kuvutwa, pamoja na mlio wa jino likiachana na mfupa, ambao kwa kweli unatisha kuliko unavyodhuru. Kikichoma au kikiuma, hapo sema, uongezewe.

Dawa yenyewe mara nyingi ni lignokaini, ambayo wengine huiita lidokaini. Ilitengenezwa Sweden mwaka 1943 na mkemia Nils Löfgren, ikaanza kuuzwa mwaka 1948. Kabla yake ilitumika prokaini, iliyokuwa inachelewa kushika na kuwaletea baadhi ya watu mzio, na nyuma zaidi, kuanzia mwaka 1884, madaktari walitumia kokeni. Ndiyo, kokeni hiyo hiyo.

Lignokaini ya meno huja kwenye kichupa chembamba cha kioo, mililita 1.8 mara nyingi, nguvu yake asilimia 2. Hesabu yake ni miligramu 36 kwa kichupa. Inaanza kushika ndani ya dakika mbili tatu, jino linalala kama saa moja, na mdomo unabaki mzito kwa saa tatu hadi tano. Lakini haifanyi hivyo peke yake. Lignokaini inatanua mishipa ya damu, na damu ikipita kwa wingi inaizoa dawa na kuondoka nayo. Kwa hiyo huchanganywa na adrenalini kidogo sana, sehemu moja kwa 80,000 au kwa 100,000, ambayo inaibana mishipa. Dawa inakaa pale pale, na damu inapungua kidonda kikiwa wazi. Adrenalini hiyo ndiyo inayofanya moyo uende mbio na mikono itetemeke kwa dakika chache, halafu mtu anarudi nyumbani akisema dawa ile imemkataa. Hali hiyo kwa kawaida hupita yenyewe. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo aseme mapema, maana kwake adrenalini ina kipimo, au atapewa mepivakaini ya asilimia 3 isiyo na adrenalini kabisa, ambayo jino hulala nayo dakika 20 hadi 40 tu.

Atikaini ndiyo inayosifiwa siku hizi kuwa "kali". Ukali wake uko mahali pamoja: inapenya mfupa vizuri zaidi. Mfupa wa taya la juu una matundu matundu, dawa yoyote nzuri ukiichoma kwenye ufizi inapita mpaka kwenye mzizi, kwa hiyo kwa meno ya juu sioni sababu ya kuihangaikia. Taya la chini ni gumu. Kwa magego ya huko daktari kwa kawaida anaingiza sindano ndani kabisa, nyuma ya kinywa, pale mshipa wa fahamu unapoingia kwenye taya, na ndipo nusu ya mdomo na ulimi vinapotea. Atikaini ikichomwa pembeni tu ya gego la chini hufanikiwa mara nyingi kuliko lignokaini. Bei ya sifa hiyo ni kwamba ina nguvu ya asilimia 4, kichupa kile kile kina miligramu 72, maradufu. Kwa mtoto mdogo kikomo kinafikiwa haraka, na haishauriwi kwa aliye chini ya miaka minne.

Bupivakaini ni mzee wa taratibu. Inachukua dakika sita hadi kumi kushika, lakini jino linalala hadi saa tatu na mdomo unaweza kuwa mzito karibu nusu siku. Kung'oa jino la kawaida kwa bupivakaini ni kujitafutia adha. Inafaa pale gego la mwisho limekwama ndani ya mfupa, ufizi unapasuliwa na mfupa unachongwa, maana maumivu ya upasuaji huo hayaji kwenye kiti, yanakuja baadaye. Aliyetoka vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika na anarudi kwa boti atashukuru kufika nyumbani kabla hayajaanza. Ikiingia kwenye mshipa wa damu, hata hivyo, inasumbua moyo kuliko wenzake. Ile hali ya daktari kuvuta sindano nyuma kidogo kabla ya kusukuma dawa, ambayo anaifanya kwa dawa zote hizi, ni kuangalia kama damu inaingia.

Kuna jino ambalo dawa zote hizi zinaweza kulishindwa: lenye usaha. Mahali penye usaha pana asidi. Dawa ya ganzi huingia ndani ya uzi wa fahamu ikiwa haina chaji ya umeme, na asidi inaipa chaji, kwa hiyo sehemu kubwa inabaki nje mlangoni. Kuongeza kichupa juu ya kichupa pale pale kunasaidia kidogo sana. Daktari anachoma mbali na jipu, kwenye mshipa mkubwa kabla haujafika huko, au anatoa usaha kwanza. Nikimsikia mtu kijiweni pale Mwanga akisema kliniki fulani dawa yao haina nguvu, huwa namuuliza shavu lilikuwa limevimba siku ile. Mara nyingi lilikuwa limevimba.

Mama mdogo aliambiwa asile mpaka mdomo urudi. Saa nane alikuta mgebuka wa moto na ugali wa muhogo mezani, akasema atatafunia upande wa pili. Alimaliza sahani, akajifuta mdomo, kitambaa kikatoka na damu: alikuwa amejing'ata mdomo wa chini bila habari. Saa kumi jioni, ganzi ikimtoka, alikaa barazani ameshika shavu.

"Sasa nasikia," akasema.

Sikumuuliza anasikia nini.