Je, wajua kwa nini mikoa ya Tanzania inayolisha nchi ndiyo yenye watoto wengi waliodumaa?

Ukipita njia ya Makambako kwenda Njombe mwezi wa Juni, huoni dalili yoyote ya njaa. Mahindi yamekauka yakisubiri kuvunwa, viazi mviringo vimejazwa kwenye viroba kando ya barabara, na parachichi zinapakiwa kwenda kuuzwa ng'ambo. Tangu miaka ya 1980, Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zimehesabiwa kuwa ghala la taifa. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, na Njombe na Rukwa ni karibu nusu ya watoto, ilhali wastani wa nchi nzima ni asilimia 30. Mbeya, ambayo ni jirani ya Iringa na Njombe na hulima mengi ya mazao hayo hayo, haiko mbali na wastani wa taifa. Jambo hili linashangaza zaidi ukikumbuka kwamba akina mama wa Iringa na Njombe ni miongoni mwa wanaojifungulia zaidi katika vituo vya afya. Mtoto hupokelewa na mkunga mwenye mafunzo, katika kijiji chenye chakula, kisha kimo chake hakipandi inavyotakiwa.

Kudumaa si kukonda. Mtoto huhesabiwa amedumaa pale urefu wake unapokuwa chini mno ukilinganishwa na umri wake, kwa vipimo ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 2006. Wapo wanaosema kwamba ufupi ni asili ya watu wa nyanda za juu, na kwamba vipimo hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Si kweli. Vipimo vilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na jambo lililoonekana wazi ni kwamba mtoto aliyenyonya vizuri, akalishwa vizuri na kukingwa na maradhi, hurefuka karibu sawa na mwenzake wa bara lingine katika miaka mitano ya mwanzo. Ukoo una sehemu yake, lakini hauwezi kueleza nusu ya watoto wa mkoa mzima.

Tuanze na uji. Tumbo la mtoto wa miezi saba au minane halibebi zaidi ya kikombe kimoja hivi kwa mlo, kwa hiyo kila kijiko kina thamani yake. Uji wa sembe uliotiwa maji mengi ili uteremke kooni hujaza kikombe hicho pasipo kumpa mtoto cha maana. Mashine inapokoboa mahindi huondoa kiini na pumba, na humo ndimo mlimo mafuta, madini na sehemu kubwa ya vitamini; kinachobaki ni unga mweupe unaopendeza macho. Hata dona, ambalo ni bora, lina protini pungufu ikiwa halijaongezewa maharage, maziwa, karanga au dagaa. Zaidi ya hayo, mahindi yaliyovunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu wenye sumu. Utafiti uliowafuatilia watoto wachanga wa vijiji vya Iringa, Kilimanjaro na Tabora ulionyesha kwamba waliokula zaidi aina moja ya sumu hiyo, fumonisini, walikuwa wafupi kuliko wenzao.

Lakini uji hupikwa na mtu, na mtu huyo ana siku yenye saa zake. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye mzizi. Kuanzia mvua za Novemba hadi palizi ya mwisho, mama wa wilaya ya Kilolo au Wanging'ombe hutoka nyumbani ukungu haujaondoka, jembe begani, na shamba lenyewe huenda liko mlima wa pili. Akiwa na mtoto mchanga humbeba mgongoni. Mtoto akishazidi miezi sita na kuwa mzito, huachwa kwa bibi au kwa dada yake wa miaka minane, pamoja na chupa ya uji uliopikwa alfajiri. Mtoto wa miezi tisa na kuendelea anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku, mbali na maziwa ya mama. Huyu wetu hula asubuhi, hula tena jioni mama anaporudi akiwa hoi, na katikati hulamba uji uliopoa. Sheria ya kazi inampa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 na muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku akirudi kazini. Mwanamke anayefanya kibarua cha kupalilia viazi vya mtu hana likizo: asipokwenda halipwi.

Viongozi wengi hupenda kuutaja ulanzi. Ni kweli kwamba pombe hiyo ya mianzi hugemwa majira yale yale ya kilimo, na kwamba ukiwa mbichi na mtamu watoto nao huonjeshwa. Nadhani hata hivyo unalaumiwa kupita sehemu yake, maana ni rahisi kumlaumu mama kwa kikombe cha ulanzi kuliko kuhesabu saa alizoinama shambani.

Tofauti huonekana vizuri ukishuka kutoka jamii moja hadi nyingine. Rungwe, mkoani Mbeya kwa Wanyakyusa, mgomba uko mlangoni na huzaa mwaka mzima, na nyumba nyingi zina ng'ombe wa maziwa aliyefungwa karibu. Mama anaweza kukata ndizi, kukamua na kumlisha mtoto bila kuondoka uani. Kyela, mkoani humo humo kando ya Ziwa Nyasa, kuna usipa, wale dagaa wadogo ambao wakisagwa hugeuza uji kuwa chakula kamili. Ila Kyela iko chini, takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na malaria ya mjamzito hupunguza damu ya mama na uzito wa mtoto anayezaliwa. Huko Makete, mkoani Njombe, kwenye kimo cha mita 2,000 na zaidi, mbu wa malaria ni wachache, lakini kuna baridi na moshi wa kuni ndani ya nyumba iliyofungwa, na vikohozi na homa za mapafu humla mtoto nguvu ambazo zingemrefusha. Vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa huko Ludewa, pia Njombe, vina samaki, ila mama mwenye uchungu huenda akahitaji boti ili afike hospitalini.

Njombe na Iringa zina mzigo mwingine pia. Utafiti wa 2022/23 ulikuta watu wazima wanaoishi na virusi vya Ukimwi ni asilimia 12.7 Njombe na 11.1 Iringa, wakati taifa zima ni 4.4. Dawa sasa huwakinga watoto wengi wasizaliwe na virusi, lakini mama akiugua au akifariki, anayebaki kupika uji ni bibi.

Kwa nini basi hali hii haikushtua mapema? Iringa ndiko ulikoanzia, katikati ya miaka ya 1980, mpango wa lishe uliosifiwa duniani, ambapo watoto wa vijiji 168 walipimwa uzito mara kwa mara na kijiji kikajadili matokeo yake. Utapiamlo mkali ulishuka kutoka takriban asilimia 6 hadi 2. Mizani ilifanya kazi yake, na bado inaifanya: siku ya kliniki mtoto huvalishwa bukta ya kupimia, huning'inizwa chini ya mizani akilia, muuguzi huweka nukta kwenye kadi, na nukta ikiwa kwenye eneo la kijani mama huondoka na furaha. Mtoto mfupi aliyejaa mashavu huipata kijani hiyo bila taabu. Ubao wa kumlaza na kumpima urefu huhitaji watu wawili na utulivu, na kliniki yenye foleni ya akina mama sitini haina vyote viwili.

Kimo huja kupimwa baadaye sana. Binti aliyedumaa akikua na kupata ujauzito, husimamishwa ukutani katika hudhurio lake la kwanza, na akiwa chini ya sentimita 150 kadi yake huwekewa alama ya hatari, kwa sababu nyonga iliyokua ikiwa nyembamba huweza kumzuia mtoto kupita. Hushauriwa asijifungulie zahanati bali hospitali yenye chumba cha upasuaji, kisha hurudi nyumbani, na kama ni Januari, huchukua jembe.