Usonji na habari za mauaji: maswali na majibu

Yakitokea mauaji ya kutisha na muuaji akaelezwa kuwa mtu mpweke, asiye na marafiki, asiyependa maongezi, haichukui muda usonji nao unatajwa. Baada ya hapo mzazi mwenye mtoto wa usonji huanza kuulizwa mambo na majirani, na usiku hujiuliza mwenyewe. Maswali haya ndiyo tunayoulizwa zaidi sisi tunaotoa elimu ya afya. Nimeyajibu kwa kufuata ushahidi, hata pale ambapo jibu halifurahishi.

Kwanza, usonji ni nini hasa?

Ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Mwenye usonji hupata shida ya kuwasiliana na kuchangamana na wenzake, hupenda mambo yaende kwa utaratibu uleule, na mara nyingi sauti, mwanga au mguso humsumbua kuliko wengine. Wapo wasiozungumza kabisa, na wapo wahandisi, walimu na wanamuziki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Ukikuta habari ya zamani inayotaja Asperger, inazungumzia hali hiyohiyo: tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umeijumuisha ndani ya usonji.

Katika vigezo ambavyo daktari huvitumia kumtambua mwenye usonji, hakuna hata kimoja kinachohusu ukatili.

Mbona basi wauaji wengi wanaotangazwa husemwa kuwa na usonji?

Si wengi. Ni wachache wanaotangazwa sana, na kati ya hao wachache baadhi hawakuwa na usonji wowote.

Chukua mwaka 2012. Mwezi Julai mtu mmoja aliwafyatulia watu risasi ndani ya ukumbi wa sinema huko Aurora, Colorado, akaua 12. Siku chache tu baadaye mtangazaji maarufu wa televisheni alisema hewani kwamba anaamini kijana huyo yumo katika kundi la wenye usonji. Hakuwa daktari, wala hakuwahi kumwona. Wataalamu waliomchunguza mtuhumiwa kwa ajili ya kesi walikuja kuzungumzia maradhi ya akili ya jamii ya skizofrenia, jambo tofauti kabisa. Lakini maneno yalishatoka.

Tarehe 14 Desemba mwaka huohuo, kijana wa miaka 20 alimuua mama yake nyumbani, kisha akaenda katika shule ya msingi ya Sandy Hook, mjini Newtown, jimbo la Connecticut, akaua watoto 20 na watu wazima 6. Huyu ni kweli aliwahi kuambiwa na madaktari kuwa ana Asperger, na habari hiyo ikaizunguka dunia. Novemba 2014 ofisi ya serikali ya jimbo inayotetea haki za watoto ilitoa ripoti ndefu baada ya kupitia kumbukumbu zake za shule na za matibabu. Ripoti hiyo ilisema wazi kwamba si usonji wala matatizo yake mengine ya akili yaliyosababisha mauaji yale. Ilichokiona ni mchanganyiko: afya ya akili iliyozidi kudhoofika bila matibabu ya maana, akili iliyozama katika mambo ya umwagaji damu, na silaha za hatari zilizokuwa mlemle nyumbani. Waliosoma ripoti ile ni wachache sana kuliko waliosikia habari ya kwanza.

Mtindo ni uleule kila mara. Mauaji yakitokea, watu wanataka sababu, na wanaitaka leo. Polisi bado hawana, familia imejifungia, na waandishi wana saa nyingi za matangazo za kujaza. Hapo jina la hali ya kiafya linaonekana kama jibu, ilhali halielezi chochote. Mtu 1 kati ya 127 ni mamilioni ya watu duniani. Kama hali hiyo ndiyo ingekuwa chanzo cha mauaji ya halaiki, tungekuwa tunaishi dunia nyingine kabisa.

Kuna aliyewahi kudai mahakamani kwamba usonji ndio uliomfanya aue?

Ndiyo, huko Kanada. Tarehe 23 Aprili 2018 mtu mmoja aliendesha gari juu ya njia ya waenda kwa miguu jijini Toronto, akaua watu 10 siku hiyo na kujeruhi wengine wengi. Mawakili wake walijenga hoja kwamba kwa sababu ya usonji hakuweza kuelewa, kwa namna binadamu wengine wanavyoelewa, kuwa kitendo chake ni kiovu. Taasisi za watu wenye usonji nchini humo zilipinga hoja hiyo kwa sauti kubwa. Ziliona kesi ya mtu mmoja inapaka matope watu wote.

Machi 2021 Jaji Anne Molloy alimtia hatiani kwa mashtaka yote 10 ya mauaji na 16 ya kujaribu kuua. Alikubali kwamba kisheria usonji unaweza kuhesabiwa kuwa hali ya akili inayofaa kuangaliwa na mahakama. Ila mtu huyu, alisema, alipanga, alijua anachokifanya, na alijua kwamba jamii inakihesabu kuwa kosa. Katika hukumu ile jaji hakuliandika jina lake, kwa kuwa umaarufu ndio alioutafuta. Binafsi naona vyombo vya habari vingejifunza mengi kwenye uamuzi huo mdogo.

Tukiacha kesi moja moja, tafiti zinasemaje?

Utafiti ninaoutegemea zaidi ulifanyika Stockholm, Sweden, ukachapishwa mwaka 2017. Ulihusu vijana 295,734, wakaangaliwa katika umri wa miaka 15 hadi 27 ili kuona ni nani aliyetiwa hatiani kwa kosa la kutumia nguvu. Kwa mtazamo wa kwanza, vijana wenye usonji walionekana kuwa juu kidogo ya wengine. Gazeti lingeweza kuishia hapo na kupata kichwa cha habari.

Watafiti hawakuishia hapo. Vijana wengi wenye usonji huwa pia na hali ya kukosa utulivu na umakini, ile ijulikanayo kama ADHD, na baadhi huwa na tatizo la mwenendo, yaani ukorofi sugu na uvunjaji wa kanuni tangu udogoni. Hali hizi mbili zenyewe huongeza uwezekano wa kuingia katika makosa, uwe na usonji au usiwe nao. Zilipotengwa katika hesabu, uhusiano kati ya usonji na uhalifu wa kutumia nguvu ulitoweka. Na vijana wenye usonji unaoambatana na ulemavu wa akili, ambao pengine ndio majirani wanaowaogopa zaidi, walikuwa na makosa machache.

Lakini mwanangu hunipiga na kuniuma. Mbona mnasema hawana vurugu?

Swali hili ndilo gumu kuliko yote hapa, na wanaoitetea jamii ya wenye usonji mara nyingine hulikwepa. Tusilikwepe. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2011, uliohusu watoto na vijana 1,380 wenye usonji, asilimia 68 ya wazazi walisema mtoto wao amewahi kumshambulia mtu anayemlea. Kwa hiyo mama mwenye alama za meno mkononi si mwongo, na wala hayuko peke yake.

Tofauti iko katika kinachotokea. Muuaji wa shuleni hupanga kwa wiki au miezi, huchagua mahali, hutafuta silaha, hukusudia. Mtoto mwenye usonji anayepiga hajapanga kitu. Amezidiwa. Kelele zimemjaa, ratiba imebadilika bila kuambiwa, au ana maumivu na hana maneno ya kuyasema. Mwili unatafuta pa kutokea, na aliye karibu ndiye anayepigwa. Mara nyingi anayeumia ni yeye mwenyewe: hugonga kichwa ukutani, hujiuma, hujikwaruza. Usilichanganye hili na deko. Mtoto anayedeka huchungulia kama unamwangalia, na akipewa anachotaka hunyamaza. Aliyezidiwa hana habari na unachompa.

Kwa hiyo swali la kwanza huwa: nini kimemzidi? Kama tabia hii imeanza ghafla, aanze na daktari kabla ya yote. Jino bovu, sikio lenye usaha, choo kigumu na kukosa usingizi ni sababu za kawaida mno, na kwa mtoto asiyezungumza hakuna atakayezigundua bila kumchunguza. Andika kwa wiki chache kilichotokea kabla ya kila tukio, saa ngapi, mahali gani, nani alikuwepo. Mpangilio huanza kujionyesha. Kisha afundishwe njia nyingine ya kusema “basi”, “naumwa” au “nataka kutoka”, iwe kwa neno, kwa ishara au kwa picha. Hatua hii peke yake hupunguza mashambulizi kwa watoto wengi.

Wakati wa tukio lenyewe ongea kidogo, punguza kelele na mwanga, ondoa vitu vya hatari, watoe watoto wengine. Usimhutubie. Dawa zipo, mfano risperidone, ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha mwaka 2006 kwa hasira kali za watoto wenye usonji, lakini huongeza uzito na kuleta usingizi, na haitibu usonji wenyewe. Ni uamuzi wa daktari anayemfuatilia mtoto kwa karibu.

Si wanasema hawana huruma?

Kutambua kwamba mwenzako ana huzuni ni jambo moja. Kuguswa na huzuni yake ni jingine. Mwenye usonji mara nyingi hukwama kwenye lile la kwanza: hausomi uso, haupati mzaha, hajui kwamba umekasirika mpaka umwambie. Akishajua kwamba umeumia, huumia, wengine kupita kiasi. Mtu katili anayeitwa saikopathi ni kinyume chake: anakusoma vizuri sana, ila hajali. Filamu nyingi humchora muuaji kwa kuchukua uso mkavu wa yule wa kwanza na moyo wa yule wa pili, na mtazamaji hutoka akidhani ni mtu mmoja.

Ina maana mwenye usonji hawezi kuua?

Anaweza, kama binadamu yeyote. Tunachokataa ni usonji kuwekwa kama maelezo ya tendo bila ushahidi.

Habari hizo zikikosea, nani anaumia?

Watafiti wa Australia walilipima hili mwaka 2017. Waliwapa watu taarifa ya uhalifu wa kikatili. Baadhi walisoma toleo linalotaja kwamba mhalifu ana usonji. Hao walikuwa na mtazamo mbaya zaidi juu ya watu wenye usonji kwa ujumla. Lakini taarifa ilipoambatana na maelezo mafupi ya kweli kuhusu usonji, mtazamo ukawa bora. Maelezo mafupi tu, yasiyomgharimu mhariri kitu.

Hofu hii ina matokeo. Julai 2016, huko North Miami, Florida, polisi waliambiwa kuna mtu barabarani ana bunduki. Alikuwa kijana mwenye usonji ameketi chini na gari la kuchezea mkononi. Mhudumu wake alilala chali, mikono juu, akipaza sauti kwamba kile ni kidude cha kuchezea. Askari akafyatua, risasi ikampata mhudumu mguuni. Mtu asiyekutazama machoni, asiyejibu haraka, anayejiyumbisha au kupepesa mikono, huonekana wa hatari kwa aliyefundishwa kumwogopa.

Na ukweli wa takwimu umeelekea upande mwingine. Uchambuzi uliofanywa kwa niaba ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 ulionyesha kwamba watoto wenye ulemavu hufanyiwa ukatili mara 3.7 zaidi ya wenzao. Wenye usonji, ambao wengi hawawezi kueleza yaliyowapata, wamo katika kundi hilo.

Nikiletewa habari ya namna hiyo kwenye simu, niangalie nini?

Nani aliyesema ana usonji: daktari aliyemchunguza, au jirani aliyesema “alikuwa wa ajabu ajabu”? Habari inaonyesha hali hiyo inahusikaje na tukio, au imetajwa tu na kuachwa? Kama ingekuwa kisukari, mwandishi angekiandika? Majibu yasiporidhisha, usiisambaze.

Binti yangu wa miaka 15 ana usonji. Amesoma habari hizo akaniuliza kama naye atakuja kuua watu. Nimjibu nini?

Mwambie “hapana”, moja kwa moja. Ukimjibu kwa mafumbo au “usiwaze hayo”, anaweza kuelewa kwamba jibu ni ndiyo. Mpe mambo ya kushika: mwambie utafiti wa Sweden ulipata nini, mwambie ripoti ya Connecticut ilisema nini. Vijana wengi wenye usonji hutulia wakipewa sababu kuliko wakipewa faraja.

Kisha mwulize kama kuna mtu shuleni aliyemwita muuaji, kwa sababu swali kama hili mara nyingi limeanzia kwenye mdomo wa mwenzake. Kama yupo, mwalimu aambiwe. Na mwulize, kwa maneno yasiyo na kona, kama amewahi kufikiria kujidhuru mwenyewe. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo. Utafiti mkubwa wa Sweden wa mwaka 2016 uligundua kwamba hatari ya kufa kwa kujiua miongoni mwa watu wenye usonji ilikuwa zaidi ya mara 7 ya watu wengine, na hatari hii haipati nafasi katika kurasa za mbele. Akijibu kwamba amewahi, mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha siku hiyohiyo, ondoa dawa na vitu vya hatari ndani ya nyumba, na asiachwe peke yake mpaka aonwe.