Taa za mabango ya nje: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Bango likiwaka sana ndiyo linasomeka."
Usiku ni kinyume. Jicho lililokwisha kuzoea giza likikutana na herufi nyeupe kali, mwanga hufurika kingoni mwa herufi na maandishi yakaonekana yamevimba na kugandana. Bango la LED, yaani skrini ya vitaa vidogo vya umeme, linahitaji kandela (kipimo cha ukali wa mwanga) 5,000 au zaidi kwa mita ya mraba ili lishindane na jua la mchana. Usiku, 100 hadi 300 zinalitosha kabisa. Ndiyo maana kanuni nyingi hudai kifaa kinachopunguza mwanga chenyewe giza linapoingia.

"Ukali wa mwanga ni mtazamo wa mkaguzi tu."
Hapana, unapimwa. Miji mingi ya Marekani imeweka kikomo cha futi-kandela 0.3, yaani takriban luksi 3 (vyote ni vipimo vya mwanga unaofika mahali), juu ya mwanga uliopo tayari mahali hapo. Umbali wa kupimia ni kipeuo cha pili cha eneo la bango, mara 10. Bango la mita 4 kwa 4 lina mita za mraba 16. Kipeuo chake ni 4, basi simama mita 40. Ngoja walau nusu saa baada ya jua kuzama, elekeza kipima mwanga katikati ya bango, usome likiwa limezimwa, kisha likiwa jeupe tupu. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayohukumiwa. Wengi hukosea kwa kupima tangazo lenye rangi nyeusi tele: siku hiyo linafaulu, halafu tangazo jeupe likipandishwa linavuka kikomo.

"Sheria hizi zimekuja juzi pamoja na LED."
Flagstaff, mji wa Arizona wenye kituo cha kuchunguzia nyota, ulizuia kurunzi kubwa za matangazo, zile zinazomulika angani, mwaka 1958, kabla ya mabango ya LED kuwapo.

"Taa ya chini inayomulika juu haina neno."
Mwanga unaopita pembeni na juu ya bango hupotelea angani, nawe umeulipia. Funga taa juu ya bango, zenye kofia, zikimulika chini, na mwali wake usizidi ukubwa wa bango. Chagua rangi ya kelvini 3,000 au chini yake (kelvini hupima rangi ya mwanga: namba ikishuka, mwanga huwa wa manjano zaidi); mwanga wenye samawati nyingi husambaa zaidi hewani na huwasumbua zaidi majirani. Kwa bango linalowaka kwa ndani, herufi angavu juu ya mandhari meusi hutoa mwanga mdogo sana kuliko herufi nyeusi juu ya mandhari meupe.

"Nina kibali cha bango, taa ni hiari yangu."
Sehemu nyingi kibali cha bango na kibali cha umeme ni vitu viwili. Kubadili bango la kumulikwa kwa nje liwe la skrini mara nyingi huhesabiwa kuwa bango jipya, hata kama fremu na nguzo ni zilezile. Ulizia kabla ya kununua skrini.

"Sensa ya mwanga inatosha."
Sensa, kifaa kinachohisi giza na mwanga, huwasha jioni na kuzima alfajiri. Penye sharti la kuzima saa tano usiku au biashara inapofungwa, unahitaji taima pia, iunganishwe mfululizo na sensa. Na sensa itazame mbali na bango: ikipigwa na mwanga wa bango lenyewe itadhani kumekucha, izime, iwashe tena, hivyo hivyo hadi asubuhi.