"Mapenzi tu hayo": ninayoyasikia kwa wazazi kuhusu riwaya za mabinti

Wiki iliyopita baba mmoja alinirudishia kitabu, riwaya ya mapenzi ya kihistoria, akiwa amekishika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota kitu jalalani. Bintiye yuko Kidato cha Pili. "Dada yangu," akaniambia, "nilidhani unaazimisha vitabu vya maana. Haya ni mapenzi tu, wamevalishwa magauni ya kale." Nikamwuliza amefika ukurasa wa ngapi. Kumbe hajakifungua. Ameona jalada, basi.

Naazimisha vitabu hapa Magomeni mwaka wa tisa sasa, na kabla ya hapo nilikuwa mkutubi wa shule. Kauli hiyo nimeisikia mpaka namalizia mwenyewe kabla mzazi hajafika nusu. Nimeamua kuijibu kwa maandishi, ili siku nyingine nimkabidhi mtu karatasi, mimi niendelee na chai yangu.

"Historia ni mapambo, mapenzi ndiyo yenyewe"

Mzazi akitaka kupima riwaya ya aina hii, namwambia aulize swali moja: hawa wawili wanapendana, kwa nini wasioane kesho asubuhi? Kama kinachowazuia ni fitina ya shoga au barua iliyopotea, basi baba yule kasema kweli, ni mapenzi yaliyovikwa gauni. Lakini kama kinachowazuia ni sheria, mirathi, vita, dini au ukoo, na ukiuondoa mwaka kisa chote kinaporomoka, hapo mtoto anasoma historia, atake asitake.

Chukua ile safari ya farasi ya usiku, binti na mchumba wake ndani ya gari la kukokotwa, baba nyuma anawafukuza. Wazazi huniambia huko ni kufundisha watoto kutoroka. Jamani! Mwaka 1753 Uingereza ilitunga sheria kwamba aliye chini ya miaka 21 haolewi wala haoi bila ridhaa ya mzazi. Sheria ile haikuvuka mpaka kuingia Scotland, ambako wawili waliweza kuwa mume na mke kwa kutamka tu mbele ya mashahidi. Kijiji cha Gretna Green kiko hapo hapo mpakani, na wahunzi wa kijiji wakajipatia kazi ya pili ya kufungisha ndoa kando ya fuawe. Mchezo huo ulibanwa mwaka 1856, ilipotakiwa mmoja wa maharusi awe amekaa Scotland angalau siku 21. Kwa hiyo mbio zile za usiku hazikutoka kichwani mwa mwandishi, zimetoka kwenye tundu la sheria. Mwandishi akiniwekea mbio hizo mwaka 1860, watu wanafika usiku na kuoana asubuhi, mimi kitabu nakirudisha kabatini.

Halafu kuna fedha, na hapa ndipo mabinti wetu hupotea, tena hupotezwa na sisi wakubwa. Wakikutana na mali inayotajwa katika uchumba wa Kizungu, tunawaambia "hiyo ndiyo mahari yao". Siyo! Mahari kwetu hutoka upande wa mume, mshenga anakwenda nayo. Ile ya Uingereza ilitoka kwa baba wa bibi arusi ikaenda kwa bwana arusi. Mkondo umegeuka kabisa, na ukishaugeuza ndipo unaelewa kwa nini baba mwenye mabinti watano vitabuni humo hapati usingizi. Baba wa watano wa Kigogo au Tandika angekuwa anahesabu ng'ombe.

Na mali ikishakwenda imekwenda. Mwanamke wa Uingereza akiolewa, fedha zake na vitu vyake viligeuka kuwa vya mumewe, na mapato ya ardhi yake yakawa mikononi mwa mume, isipokuwa kama ndugu zake walimwekea mkataba maalumu kabla ya ndoa. Hali hiyo ilianza kulegezwa na sheria ya 1870, kisha ile ya 1882 ikamwachia mke mali yake. Ndiyo maana riwaya hizo zimejaa vijana watanashati wenye madeni wanaomzunguka binti mwenye urithi. Binti hamwogopi mwanamume kwa sababu ya haya. Anaogopa kufilisiwa siku ya harusi yake.

Sasa linganisha. Mwaka 1856 Sultani Said bin Sultan alipofariki, bintiye Salme alikuwa na miaka 12. Akahesabiwa mtu mzima, akapewa fungu lake la urithi: shamba na nyumba, kwa jina lake. Mwaka huo huo mke wa tajiri wa London hakuwa na uhakika hata na fedha aliyotoka nayo kwao. Nilipolisema hili mbele ya mabinti wanne waliokuwa wakisubiri zamu ya kitabu, mmoja akauliza, "Kwa hiyo Unguja walikuwa mbele?" Nikamjibu katika hilo, ndiyo, katika mengine, hapana, maana mashamba yale yalilimwa na watumwa. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe. Mapambo hayabishaniwi hivyo.

"Kwetu hakuna visa kama hivyo"

Nisubirini kwanza na huyo huyo Salme. Aliyaiba maandishi, maana binti kujua kuandika halikuwa jambo la kawaida pale jumbani: alinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia mpaka mkono ukazoea. Mwaka 1859, ana miaka 15, kaka yake Barghash akapanga kumpindua kaka yao mwingine, Majid, na mwandishi wa barua za njama akawa binti huyo. Njama ikashindwa. Majid ndiye aliyekuja kuanza kuujenga mji huu tunaokaa, Dar es Salaam, miaka ya 1860. Salme naye akapendana na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akaondoka Unguja mwaka 1866 kwa meli ya kivita ya Waingereza, akabatizwa na kufunga ndoa Aden mwaka 1867. Miaka mitatu baadaye mume akafa Hamburg kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto wadogo watatu. Aliporudi Unguja mwaka 1885 kudai haki yake, Barghash, yule yule ambaye Salme alimwandikia barua za njama, ndiye Sultani, na hakukubali kuonana naye.

Tena mwaka mmoja tu kabla ya njama ile, 1858, Mwana Kupona alikuwa ametunga utendi wa kumuusia bintiye namna ya kuishi na mume. Pwani moja, mwaka mmoja na mwingine: mama anaandika binti atulie, binti mwingine anaandika barua za uasi. Mwandishi akikosa kisa hapo, atafute kazi nyingine.

Kwa Kiswahili vipo pia, ila havijabandikwa jina hilo. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999, imewekwa Zanzibar ya miaka ya mwisho ya ukoloni, na ukiuliza lile swali langu la kesho asubuhi, jibu lake ni ukoloni wenyewe na matabaka ya watu. Hicho siwapi wa Kidato cha Kwanza, lakini wakubwa nawapa.

"Zamani wote waliolewa wakiwa na miaka kumi na tatu"

Hapana. Uingereza ya karne ya 17 na ya 18 wanawake wa kawaida waliolewa mara ya kwanza wakiwa na miaka kama 24 hadi 26 kwa wastani. Matajiri waliwahi zaidi, na riwaya hupenda matajiri. Na kabla hatujawacheka wa kale: Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019.

"Kitabu cha zamani ni cha kihistoria"

Mwandishi wa Uingereza, Jane Austen, alichapisha riwaya mwaka 1813 kuhusu watu wa wakati wake, kama ambavyo mimi ningeandika kuhusu abiria wa mwendokasi. Riwaya ya kihistoria ni ya mwandishi anayegeuka nyuma. Mwandishi wa Scotland, Walter Scott, mwaka 1814 aliandika kabisa kwenye jalada la ndani kwamba anasimulia mambo ya miaka sitini iliyopita. Basi.

"Vyote vina uchafu"

Vingine vinavyo, ndiyo, kwa sababu ni vya watu wazima. Kwenye meza za vitabu vya mtumba kule Posta vinalazwa pamoja, na muuzaji hana muda wa kukuchambulia. Mwanamume asiye na shati kwenye jalada ni cha mama, siyo cha mtoto. Vya mabinti kwa kawaida mhusika mkuu ana rika lao na mlango wa chumbani hufungwa kabla hatujaingia. Kama una wasiwasi, soma sura ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Ni nusu saa. Mzazi anayeniambia hana nusu saa, lakini tamthilia ya usiku haimpiti, huyo tunaangaliana tu.

Kinachopungua ni riwaya za mji huu wenyewe. Binti mmoja wa Kidato cha Tatu ameanza yake, imewekwa Kariakoo ya miaka ya 1950, wakati TANU inaanza. Alikwama: kijana atampelekeaje msichana ujumbe bila baba kujua? Nikamwambia aende Maktaba Kuu, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kisha akamwulize bibi yake. Kwenye maktaba alipata picha za mitaa. Kwa bibi alipata kicheko, sanduku likafunguliwa, ikatoka kanga iliyopauka lakini maandishi yanasomeka. Sura ya tatu bado imesimama, kwa sababu bibi amekataa katakata kusema kanga ile alipewa na nani.